Kuku Ndiye Aliyeita Malori ya Soya Tunduma

Kwenye maghala ya Tunduma dalali hana haja ya kufungua gunia. Anachoma bambo ubavuni, anakinga kiganja, punje za soya zinamiminika, rangi ya samli, mviringo kama gololi ndogo. Anatia moja mdomoni na kuing'ata. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, anatikisa kichwa na bei inashuka papo hapo. Asichouliza ni imetoka upande gani wa mpaka. Iwe ya Mbozi, iwe ya Mkushi kule Zambia, kwake soya ni soya.

Mkulima wa Mbozi, kwa upande wake, anayo sababu ya kuuliza.

Zao lenyewe si geni nchini. Wajerumani walilileta mwaka 1907 kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani, Usambara. Waingereza nao, walipovamia Nachingwea na mpango wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, walijaribu soya huko huko. Mpango wa karanga ukafa mwaka 1951, na soya ikabaki mgeni asiyekaribishwa mezani. Mama wa Nyanda za Juu Kusini ana maharage yake, yana mchuzi mzito na wanawe wameyazoea. Soya unaichemsha mpaka kuni zinakwisha na bado inanuka ubichi. Walioikubali waliikaanga na kuisaga: ikaingia kwenye unga wa lishe wa watoto, na ikawa kahawa ya soya kwa wasiotaka kahawa ya kweli. Kumpikia mtu kahawa ya soya Mbozi, wilaya inayolima kahawa, ni utani wa aina yake.

Miaka mingi ikapita hivyo. Aliyekuja kuitaka soya kwa magunia hakuwa mtu. Alikuwa kuku.

Mwaka 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege, Tanzania ilipiga marufuku vifaranga kutoka nje. Wengi wanaikumbuka marufuku hiyo kwa tukio la Oktoba 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya walipochomwa moto Namanga na kelele zikasikika Afrika Mashariki nzima. Lakini habari kubwa zaidi ilikuwa ikitendeka kimyakimya: vifaranga wa kuku wa nyama wakawa wanatotolewa hapa hapa, na kila anayetotolewa anataka kula. Ukifunga mlango wa kifaranga Namanga, usishangae mlango wa chakula chake ukifunguka Tunduma. Hiyo ni hesabu yangu, na sijaona inayoishinda.

Msomaji atauliza: si tuna alizeti, tena ya kumwaga? Tunayo. Ila mashudu ya alizeti, hasa yanayotoka kwenye mashine ndogo zinazokamua mbegu na maganda yake, yana nyuzinyuzi nyingi ambazo tumbo la kifaranga haliziwezi. Soya ina protini karibu asilimia 40, na mashudu yake hupita hapo. Ukikamua kilo 100 unapata mafuta yasiyozidi kilo 20, karibu yote yaliyobaki ni mashudu. Sharti lake ni moto: soya mbichi ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini, kwa hiyo anayechanganya chakula nyumbani bila kuikaanga anashiba hasara.

Mahitaji yalipopanda, Zambia ilikuwa tayari. Wenye mashamba makubwa kule hupokezanisha soya ya masika na ngano ya umwagiliaji, na wakulima wadogo wameifuata kwa kasi. Mavuno ya mwaka 2021 yalizidi tani 400,000. Tangu Eneo Huria la Biashara la SADC lianze mwaka 2008, mzigo wenye cheti cha uasilia unavuka bila ushuru wa forodha. Kisha Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu wakazindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Foleni ya malori haikwisha, maana shaba ya Kongo nayo inapita hapo hapo.

Si yote inayovuka inabaki. Sehemu inaendelea hadi Kenya, ambayo iko COMESA pamoja na Zambia na Malawi. Sisi tulijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo malori mawili yanayofuatana Tunduma yanaweza kubeba soya ya shamba moja na karatasi za jumuiya mbili.

Oktoba 2020 China, inayonunua takribani tani milioni 100 za soya kwa mwaka, iliifungulia soya ya Tanzania soko lake. Shangwe zilikuwa kubwa. Ila nchi ambayo viwanda vyake vya chakula cha kuku vinatazama ng'ambo ya mpaka haina ziada ya kuchezea: gunia likienda bandarini, kuku anamsubiri Mzambia.

Naye Mzambia ana siku zake. Ukame wa 2024 ulimfanya Rais Hichilema atangaze janga la kitaifa, na Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Barabara ile ile, mzigo ukageuka njia. Mwaka uliofuata, Aprili 2025, Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Zuio halikudumu, na Zambia haikuguswa.

Kinachombana mkulima wa Mbozi ni kalenda. Soya ya huku na ya kule huvunwa karibu wakati mmoja, kuanzia Aprili hadi Juni, kwa hiyo yake ikiwa bado turubaini, malori kutoka kusini yameshawasha injini. Bei anayoambiwa kwenye masoko ya Vwawa au Mlowo imeshapangwa kwingine. Basi wewe mwenye magunia kumi au ishirini, kabla hujampigia dalali, vuka kwanza Nakonde ukaulize soya inauzwa kwacha ngapi siku hiyo. Kutoka stendi ya Tunduma ni mwendo wa miguu.