Akili, Siha na Umri katika Koo za Ufukoni mwa Ziwa Victoria

Akili, siha na umri ni mambo matatu ambayo wataalamu wameyaona yakiandamana ndani ya ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi, hata anayepungukiwa na moja huelekea, japo kidogo, kupungukiwa na mengine. Katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, tangu Port Victoria na Usenge hadi Kisumu na Homa Bay, uhusiano huo una historia yake, nayo hailingani sana na ile ya Ulaya.

Ithibati iliyo mashuhuri kabisa yatoka Scotland, ambako tarehe 1 Juni 1932 watoto wapatao 87,000 waliozaliwa mwaka 1921 walipewa mtihani mmoja wa akili. Lawrence Whalley na Ian Deary walipowafuatilia wale wa Aberdeen, wakachapisha hesabu yao mwaka 2001, walikuta kwamba mtoto aliyepitwa na mwenzake kwa alama 15 alipokuwa na miaka 11 alikuwa na asilimia 79 tu ya bahati ya mwenzake huyo ya kufika miaka 76. Mwaka 2015 uchunguzi wa pacha wa Sweden, Denmark na Marekani ukaongeza kuwa uhusiano huo, ambao wenyewe ni mdogo, karibu wote watokana na urithi wa damu. Wako wanaoitwaa hukumu hiyo na kuitandaza juu ya dunia nzima, nao wakosea, kwani damu hudhihirika zaidi pale ambapo maji, chakula na dawa vimekaribia kuwa sawa kwa wote, hali ambayo ufuo huu haujapata kuiona.

Hata hivyo damu ina sehemu yake hapa. Anthony Allison, tabibu aliyelelewa shambani nchini Kenya, alikusanya mwaka 1949 damu ya watu wa makabila mengi, akaona kwamba asili ya selimundu imeenea pwani na kandokando ya ziwa ilhali ni adimu katika nyanda za juu. Kisha wanaume 30 wa Kijaluo wakakubali kutiwa vimelea vya malaria: kati ya 15 wasio na asili hiyo, 14 waliingiwa na vimelea, kati ya 15 wenye nayo, wawili tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954. Mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, na kinga hiyo si ya uhai peke yake, maana katika watoto waliopona malaria ya ubongo mjini Kampala, takriban mmoja kwa kila wanne alikuwa bado na upungufu wa fahamu miaka miwili baadaye. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe, maradhi ya kupungukiwa damu na kuumwa mifupa, ambayo huweza kuleta kiharusi utotoni, kikaharibu akili na kukata umri. Ndugu wawili wa tumbo moja, basi, huweza kupata kwa asili ile ile mmoja salama na mwingine maangamizi.

Lililo kubwa zaidi ni maji. Yai la mnyoo wa kichocho hutoka na haja kubwa, huanguliwa majini, na kiluwiluwi chake huingia ndani ya konokono mdogo akaaye katika matope na magugu ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa hilo. Viluwiluwi vipya humtoka konokono huyo kwa wingi jua linapopanda, ndiyo saa ile wasichana wamesimama katika maji ya magoti wakisugua sufuria na wadogo zao wakiogelea, vikapenya ngozi pasipo mtu kujua. Mtoto halazwi kitandani. Hunyong'onyea tu, damu ikapungua, akasinzia darasani, na watu wa nyumbani wakamwita mvivu.

Huko Busia, tangu mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walizifuata shule 75 zenye watoto zaidi ya 30,000, zikipewa dawa za minyoo na kichocho kwa mafungu. Na vipimo vya mwanzo vilionyesha kuwa asilimia 92 ya watoto walikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi. Utoro ulipungua kwa robo, bali alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 wataalamu wa London waliopitia hesabu hizo upya walizitilia shaka baadhi yake, hasa faida iliyosemwa kuzifikia shule za jirani, na mabishano hayo yalikuwa makali.

Kwa mintarafu ya koo, jambo la ajabu zaidi lilionekana kwa wasiopewa dawa. Owen Ozier aliwapima, yapata miaka kumi baadaye, watoto waliokuwa hawajatimiza mwaka mmoja wakati shule za kijiji chao zilipopewa dawa. Hawakuimeza wao, lakini katika vipimo vya akili waliwazidi wenzao kwa kiasi kinacholingana na nusu mwaka wa masomo au zaidi, na faida ilikaribia mara mbili kwa wale wenye kaka na dada waliotibiwa. Kimo chao hakikuongezeka. Kisha, mwaka 2023, ikachapishwa hesabu ya kizazi cha pili: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, waliozaliwa na wanafunzi wale wa zamani, vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito: ukoo hurithishana maradhi ya nyumba pamoja na damu, na urithi huo wa kwanza waweza kukatwa kwa vidonge.

Yabaki swali la kipimo cha akili yenyewe. Kule Usenge, Robert Sternberg na wenzake, miongoni mwao Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwauliza watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kwa visa vifupi: mtoto mdogo wa nyumbani ana homa siku ya tatu, koo na kichwa vyamuuma, kati ya dawa tano za miti, ipi itamfaa? Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba waliojua mitishamba zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati na masomo. Wachunguzi walieleza kuwa wazee wasiotazamia mtoto akae sana shuleni humfundisha mapema yale atakayoyahitaji kijijini. Nayo ni tafsiri ya haki, maana nyumba iliyo mbali na zahanati ina sababu njema ya kumtaka mtoto ajue majani kabla ya kujua insha.