Mtoto Alilala Wapi? Usiku wa Rungwe na Kitabu cha Monica Wilson

Historia yetu imeandikwa mchana. Machifu tunao, wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 tunao, Wajerumani walioiita Tukuyu Neu-Langenburg nao tunao. Ila ukiuliza watoto walilalaje kwenye baridi ile, makabrasha yananyamaza.

Ndiyo maana narudi tena na tena kwenye Good Company (1951), kitabu alichoandika Monica Wilson baada ya yeye na mumewe Godfrey kuishi na Wanyakyusa miaka ya 1930. Wengi hukisoma kwa ajili ya vijiji vya rika. Mimi nakisoma kama kitabu cha malazi, maana vijiji vile vilianzia kwenye kulala. Mvulana akifika miaka kumi, kumi na moja hivi, alihama nyumba ya baba akaenda kulala na wenzake kwenye vibanda walivyojenga wenyewe. Kula, alirudi kwa mama. Sababu ilikuwa staha: kijana anayekua asiwe karibu na mambo ya usiku ya wazazi. Walipokua wakaoa, vibanda vikawa kijiji kamili.

Hebu tazama hesabu hiyo. Jamii iliyokuwa kali hivyo kuhusu nani alale wapi ilimpa mtoto wa kiume miaka kumi hivi kabla ya kumwambia toka. Kumbe Marekani, mwaka 1894, daktari Emmett Holt alishachapisha mwongozo wa malezi uliokataza kumbembeleza mtoto ili alale. Mchanga aachwe alie, atazoea. New Zealand, Truby King akafuata na ratiba ya kunyonyesha kwa saa, usiku hakuna.

Mawazo hayo hayajafa. Mama wa Tukuyu leo anashika simu saa nane usiku, mtoto wa miezi mitano kaamka mara ya tatu, anasoma eti mwenzake huko analala mpaka asubuhi. Anajiona kashindwa.

Hajashindwa. Mchanga huzaliwa hajui usiku wala mchana. Mpangilio huo huanza kujijenga kwenye miezi mitatu hivi. Shirika la Afya Duniani (2019) linataja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa walio chini ya miezi minne, 12 hadi 16 mpaka miezi 11, na 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja na miwili. Hizo ni jumla, pamoja na usingizi wa mchana. Kuamka katikati si ugonjwa wala malezi mabovu.

Sisemi kila cha zamani kilikuwa salama. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, na mchanga alazwe chali. Ninachosema ni kwamba "kulala usiku mzima" ni wazo lenye historia, na historia hiyo haikuanzia Rungwe.

Wenye bibi Kiwira au Masoko, waulizeni habari za usiku. Wilson alifanya sehemu yake. Iliyobaki wanayo wao.