Mugumo wa Waiyaki Way

Apitaye Waiyaki Way huko Westlands, magharibi ya jiji la Nairobi, huuona mugumo mkubwa kando ya njia, kimo chake kama nyumba ya ghorofa nne. Umri wake wakisiwa kupita miaka 100. Mwaka 2020 mti huo ulikaribia kung'olewa, na kisa chake chastahili kukumbukwa.

Mji wa Nairobi ulizaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka 1899. Magari moshi ya siku zile yalikula kuni nyingi. Kwa hiyo mwaka 1907 ilianzishwa bustani ya miti, si mbali na katikati ya mji, ili kuijaribu miti ya kigeni ikuayo upesi. Wenye reli walipoutazama mti waliona kuni. Wakikuyu, waliolima upande wa magharibi kabla ya mji kuwapo, walikuwa na jicho jingine: chini ya mugumo walisali na kutoa sadaka, na kuukata ulikuwa mwiko.

Basi mwaka 2020 barabara ya mwendo kasi, yenye urefu wa kilomita 27, ilikuwa ikijengwa kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mugumo ulisimama katika njia yake. Likatolewa shauri kwamba ung'olewe ukapandwe mahali pengine. Watu wengi walipinga. Je, mti mzee waweza kuhamishwa kama kabati?

Ewe msomaji, kumbuka mche wa nyanya uliouhamisha shambani. Adhuhuri ulinyauka, ingawa uliumwagia maji. Sababu ni kwamba maji hunywewa na vinyweleo vyembamba vilivyo karibu na ncha za mizizi, navyo hukatika mche ung'olewapo. Mizizi huyapeleka maji shinani, na shina huyapandisha hadi majanini. Majani nayo, kwa nguvu ya jua, hutumia maji na hewa kutengeneza sukari, ambayo hushuka kwa njia ya gome kuilisha mizizi iliyo gizani. Mizizi ikikatwa, majani huona kiu. Majani yakipukutika, mizizi hufa njaa. Mkono mmoja haulei mwana.

Ushirika huo hauishii ndani ya mti. Nyigu wadogo huingia katika tunda la mugumo na kuyachavusha maua yaliyofichika humo. Pasipo wao, mugumo hauzai mbegu. Pasipo mugumo, hawana pa kutagia mayai. Kisha ndege hula matunda na kuzitawanya mbegu mbali.

Mche hupona upesi, kwa kuwa majani yake ni machache na mizizi yake ni mifupi. Lakini mti wa karne nzima umetandaza mizizi mbali sana. Auchimbuaye huiacha mingi ardhini, na majani yote hubaki yakiidai maji.

Mwezi wa Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru mugumo ule uhifadhiwe mahali pake. Barabara ilijengwa pasipo kuuondoa, nayo ilifunguliwa mwaka 2022. Miti mingine mingi ya njia hiyo haikubahatika, ilikatwa. Mji huweza kupanda miche mipya kwa siku moja, lakini ushirika wa mizizi, majani, nyigu na ndege uliojengwa kwa miaka 100 haununuliwi. Anayeshika shoka hana budi kulifikiri hilo kabla hajaliinua.