Divai ya Mgiriki, Tembo la Mdigo

Divai ya nje ilifika pwani hii ya Afrika Mashariki kabla Uislamu haujazaliwa. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa mabaharia, Periplus. Kuhusu pwani aliyoiita Azania, anataja divai na ngano zilizoletwa na merikebu. Hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kuwalainisha wenyeji. Hongo, tusizunguke.

Ila kinywaji kilichokita mizizi Kwale hakikutoka kwenye mzabibu. Kilitoka kwenye mnazi, nao pia ni mgeni aliyevuka bahari kutoka Asia. Mgema hupanda asubuhi na jioni na kotama yake, anakata ncha ya karara, utomvu unadondoka kwenye kibuyu. Ukilinywa papo hapo ni tembo tamu, sukari tupu. Kufikia jioni limekuwa kali, na baada ya siku mbili unakaribia kuwa na siki. (Kwale tembo ni pia yule mnyama wa Shimba Hills, kwa hiyo uliza vizuri.)

Kule kisiwa cha Samos, Ugiriki, wakulima wa zabibu walioungana kwenye ushirika mwaka 1934 wanajua kuufunga utamu kwenye chupa. Divai yao nyeupe nyingine hutiwa pombe kali ili hamira ife sukari ikiwa bado imo. Nyingine zabibu zake huanikwa juani kwanza. Chupa inakaa miaka. Tembo ukilifunga chupani linaendelea kuchemka, na kizibo kinaruka bana.

Kwa hiyo tembo lazima linywewe leo, na watu. Wadigo na Mijikenda wenzao huliita uchi, neno linaloweza kumshtua mgeni wa Nairobi. Bila uchi posa haikukamilika, wazee hawakuketi kusikiza kesi, koma hazikumwagiwa kitu. Basi Wadigo walipoanza kusilimu kwa wingi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, swali halikuwa la kiu. Ukikataa kikombe cha mjomba wako, na urithi uko kwa mjomba, unabaki nani kwake?

Kwa Wagiriama wa Kilifi mambo yalipinda zaidi. David Parkin, kwenye kitabu chake cha 1972, anaeleza wanaume waliokuwa wakikusanya minazi na mashamba, wakaugua, wakaambiwa na waganga kuwa wana pepo wa Kiislamu. Dawa: usilimu, uache tembo. Tajiri akapata sababu safi ya kutoketi na majirani wanaomwinda mkopo. Mimi hao pepo nawaona walikuwa na akili ya biashara.

Siku hizi kadzama, ule mnazi wa kupelekea wazee, mara nyingi hulipwa kwa noti. Tangu sheria ya vileo ya 2010 mwenye mangwe anatakiwa awe na leseni, huku hoteli za Diani zikimimina divai za nje. Na mwenye shamba Msambweni bado ana hesabu ya kupiga: karara lililogemwa halizai nazi. Nazi inataka karibu mwaka mzima kukomaa. Tembo linalipa jioni hii.