Maneno ya Kuvaa katika Mji wa Kigali

Mwalimu wa Kiswahili mjini Kigali hakawii kukutana na sentensi hii katika madaftari: "Mwalimu anabeba kofia." Kofia yenyewe imo kichwani mwa mwalimu, wala hakuna aliyeibeba. Mwanafunzi amefikiri kwa Kifaransa, na Kifaransa hutumia kitenzi kimoja, "porter", kwa mzigo na kwa nguo pia. Mwenziwe aliyesomeshwa kwa Kiingereza huandika "Mwalimu anavaa kofia", akiamini kuwa amefasiri sawasawa maneno "is wearing". Kumbe msikilizaji wa pwani huelewa kwamba kofia ndiyo kwanza inapanda kichwani. Makosa haya mawili yametufanya tutazame nyuma, tuone jinsi maneno ya mavazi yalivyoingia katika mji huu.

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Wajerumani. Pamoja na utawala huo walikuja askari na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, na nguo zao zikaja na majina yake. Wenyeji walikuwa na mavazi yao ya ngozi na ya impuzu, yaani nguo iliyofumuliwa kutoka gome la mti wa umuvumu. Basi Kinyarwanda kikapokea ikanzu, ishati, ikoti, isogisi na ikabutura. Msomaji ataona kwamba shati, koti na soksi asili yake ni Kiingereza, ilhali mji huu haukupata kutawaliwa na Waingereza. Kiswahili ndicho kilichoyaokota maneno hayo pwani, kikayatia irabu, kikayapandisha bara.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, na Kifaransa kikashika ofisi na shule. Ndipo yalipopatikana ipantaro, ijipo, ikositimu na karuvati. Kwa hiyo mtu aliyevaa shati, koti, suruali na tai huwa amevaa, kwa majina ya Kigali, tawala mbili mwilini mwake.

Hapo ndipo penye mitego. Mgeni kutoka Zanzibar akisikia kwamba bibi harusi amenunuliwa ikanzu hustaajabu, kwa maana kwake kanzu ni vazi la mwanamume aendaye msikitini. Kigali ikanzu ni gauni. Mwanafunzi ajuaye Kifaransa naye akikutana na shimizi katika kitabu cha Kiswahili hudhani ni shati, kwa kuwa "chemise" ya Kifaransa ni shati. Neno ni lile lile, ila lilipita kwanza Uingereza, likageuka kuwa nguo ya ndani ya wanawake, ndipo likatufikia sisi. Vivyo hivyo "robe" ya Kifaransa ni gauni, lakini ya Kiingereza ni joho. Na "costume" ya Kifaransa ni suti, hali kwa Mwingereza ni vazi la mwigizaji jukwaani. Mwalimu asiyelijua hili aweza kumvisha mwanafunzi joho la hakimu siku ya arusi.

Lakini neno linalotupendeza kuliko yote halikutoka Ulaya. Nguo za mitumba mjini Kigali huitwa caguwa, na neno hilo si jingine ila chagua. Mwito wa mchuuzi kwa mteja umegeuka kuwa jina la bidhaa. Neno hilo limeingia hata katika siasa za dunia: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru.

Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza ndicho kitumike kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi. Majina ya nguo, basi, yamebadilika kwa kila zamu ya watawala na soko. Kitenzi hakikubadilika. Mnyarwanda aliyevaa impuzu na aliyevaa karuvati wote husemwa "yambaye", kutoka kwambara. Tena "yambaye" ni amevaa hasa, na "arambara" ni anavaa. Pale Mwingereza anapohitaji "wear" kwa hali na "put on" kwa tendo, na Mfaransa "porter" na "mettre", Kiswahili na Kinyarwanda hutosheka na kitenzi kimoja na kubadili wakati tu. Hata katika nguo za kujifunga lugha hizi mbili zaelewana: Kinyarwanda kina gukenyera kwa nguo ya kiunoni na kwitera kwa ile ya begani, nasi tuna kujifunga shuka na kujitanda kanga.

Kwa maoni yetu, walimu wengi tumekosea kumpitisha mwanafunzi wa Kigali katika Kifaransa au Kiingereza ili afike kwenye Kiswahili, kama mtu anayezunguka mlima kwenda kwa jirani wa ua mmoja. Tumejaribu kuandika ubaoni "Umwarimu yambaye ingofero" na kuomba darasa lifasiri. Hakuna aliyebeba kofia siku hiyo.