Barua ya Mfungwa na Ujumbe wa Simu

Hila ya kumnyang'anya mtu fedha kwa maandishi ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1828 Mfaransa Vidocq, aliyepata kuwa mfungwa kabla ya kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi wafungwa walivyowaandikia matajiri barua kutoka gerezani. Barua ilisimulia hazina iliyofichwa, na mwandikiwa aliahidiwa fungu lake. Lakini kwanza ilimpasa apeleke fedha kidogo za gharama. Waliopeleka hawakuiona hazina, wala fedha zao hawakuziona tena.

Barua hiyo imefika pwani ya Kenya katika vazi jipya. Zamani mtu wa Likoni aliyetaka kumsaidia mzazi wake bara alikwenda posta, au alimkabidhi dereva wa basi bahasha. Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na mabenki nayo yakaingia katika simu. Leo muuza samaki wa Shelly Beach hupokea malipo yake papo hapo mchangani. Neema ilipopita njia hiyo, wezi waliifuata. Na tazama jinsi mambo ya kale yanavyorudi: Gereza la Kamiti, karibu na Nairobi, limetajwa mara nyingi katika habari za ulaghai huu, na simu zimekamatwa humo mikononi mwa wafungwa.

Ujumbe wa laghai una alama zake. Huja na haraka: akaunti yako itafungwa leo. Huja na tamaa: umeshinda zawadi. Ama huja na kilio: nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie. Huomba nambari ya siri, ambayo benki ya kweli haiulizi, au hukutaka ubonyeze kiungo usichokijua. Usiamini jina lililo juu ya ujumbe, kwani hata jina la benki huweza kughushiwa. Tazama salio lako kwanza. Fedha zisizoonekana katika salio hazikuja.

Ukiutambua, usijibu. Mteja wa Safaricom huupeleka ujumbe huo kwa nambari 333, bila malipo. Kisha, katika simu janja nyingi, gandamiza ujumbe kwa kidole mpaka orodha ya amri itokee, uchague amri ya kuzuia. Nambari ile haitakusumbua tena, ingawa laghai aweza kutafuta nyingine.

Mwaka 2018 Kenya ilitunga sheria ya kuadhibu makosa ya kompyuta na mtandao. Sheria ni njema, lakini aghalabu hufika baada ya hasara, na mtaji wa muuza samaki ukishapotea, karo ya mwanawe imepotea pamoja nao. Mlinzi wa kwanza ni yule aliyeshika simu. Barua ya Paris na ujumbe wa leo hushinda kwa silaha moja, nayo ni haraka ya msomaji. Wazee walinena: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.