Nada

Neno "nada" ni la Kisanskriti, na maana yake ni sauti au mvumo. Halina udugu na "nadi" wala "mnada", yaliyotoka katika Kiarabu. Wanazuoni wa India huigawa nada katika aina mbili: "ahata", sauti itokayo kitu kinapopigwa, na "anahata", sauti isiyopigwa, ambayo mwanayoga huisikiliza ndani yake akiwa ametulia. Sura ya 4 ya Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, inaeleza usikilizaji huo, uitwao "nada yoga". Nada husikika pia katika muziki: katika dhrupad, mtindo wa kale wa uimbaji wa India, mwimbaji huanza polepole, bila ngoma, nyuzi nne za ala iitwayo tanpura zikivuma nyuma yake mfululizo.